Toleo la zamani la programu ya kuhariri video: kulisakinisha ni rahisi, kulitumia ndiyo kazi

Nilikuwa katikati ya kazi ya sendofu, kamera mbili na droni moja, nilipokubali kusasisha programu yangu ya kuhariri. Dirisha dogo likaniuliza kama nataka mradi ugeuzwe uendane na toleo jipya. Nikabonyeza ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi. Toleo jipya likafunguka, ila kila nilipogusa rangi likajizima, maana kadi ya picha ya laptopu yangu ilikuwa imeshaachwa nyuma. Nikasema basi, narudi nilikotoka. Nikaunguza bando usiku kucha kushusha kisakinishi cha zamani, alfajiri nikakisakinisha, programu ikawaka bila shida. Nikafungua mradi. Ukagoma: mradi huu umetengenezwa na toleo jipya kuliko hili.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza "kaka, toleo la zamani la programu fulani nitalipata wapi?" huwa simjibu papo hapo. Swali hilo lina mengine tumboni. Kompyuta yako italibeba? Mwenye programu bado anakuruhusu kulitumia? Litasoma picha za simu ya mwaka huu? Na kubwa kuliko yote, litafungua kazi uliyokwisha kuianza? Kisakinishi ndicho kipande chepesi kuliko vyote, na ndicho tunachokihangaikia zaidi.

Sababu za kutaka kurudi nyuma zipo, na ni za msingi. Kuna aliyenunua plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea, ya kusafisha sauti inayokubali toleo moja tu. Kuna aliyeletewa na mteja mradi wa mwaka 2018 arekebishe jina moja lililokosewa. Kuna mwenye laptopu ya RAM ya GB 8, ambaye toleo jipya kwake ni la kutazama likijipakia tu. Na kuna yule anayejua kila kitufe kilipo, hataki kuhamishiwa jiko wakati wageni wameshafika. Huyu wa mwisho hupuuzwa sana, lakini mimi namwelewa vizuri.

Kompyuta italibeba?

Anzia kwenye biti, yaani upana wa data ambayo programu inaichakata kwa mkupuo mmoja, 32 au 64. Premiere Pro CS4 ya Adobe, ya mwaka 2008, ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenda kwa biti 32. CS5 ya mwaka 2010 ilikuja kwa biti 64 tu. Kwenye Windows jambo hili haliumi sana, kwa sababu Windows ya biti 64 bado inaendesha programu za biti 32. Kwenye Mac ni habari nyingine. macOS Catalina ilipotoka Oktoba 2019 ilizifungia mlango programu zote za biti 32. Final Cut Pro 7, ambayo Apple iliiacha mwaka 2011 ilipoleta Final Cut Pro X, haifunguki humo hata uipigie magoti. Anayeihitaji hutafuta Mac ya zamani yenye macOS ya enzi hizo, akaiweka pembeni kwa kazi hiyo moja.

Hata kwenye Windows biti zina mtego wake. VirtualDub, kazi ya Avery Lee, bado ipo kwenye kompyuta za watu wanaohamisha kanda za Mini-DV na VHS, na toleo lake la 1.10.4 la mwaka 2013 linatosha kabisa kwa shughuli hiyo. Mtu anashusha VirtualDub ya biti 32, kisha anasakinisha kodeki (kipande cha programu kinachobana na kufungua picha na sauti) ya biti 64 kwa kuwa Windows yake ni ya biti 64. Akifungua faili, programu inasema kodeki haipo. Anaisakinisha tena na tena, wapi! VirtualDub ya biti 32 inaona kodeki za biti 32 peke yake, Windows iwe ya namna gani. Ukiyajua hayo unamaliza kwa dakika mbili. Usipoyajua unapoteza Jumapili nzima.

Halafu kuna ule ujumbe unaosema faili fulani la DLL, yaani maktaba ambayo programu huiazima, halipo. Wengi hukimbilia kutafuta DLL hiyo mtandaoni, wakaishusha kwenye tovuti isiyojulikana na kuitupia ndani ya folda ya Windows. Usifanye hivyo. Soma namba iliyo kwenye jina la faili. MSVCP100 inadai maktaba za Visual C++ za mwaka 2010, yenye 110 inadai za 2012, yenye 120 za 2013, na yenye 140 inadai za 2015 na kuendelea. Microsoft inazitoa bure kwenye tovuti yake. Za 2015 hadi 2022 zimeunganishwa kwenye kifurushi kimoja, lakini za nyuma yake kila mwaka una chake, na cha mwaka mmoja hakijazi nafasi ya mwingine. Sakinisha cha biti 32 na cha biti 64 vyote viwili, vinakaa pamoja bila kugombana. Programu nyingi za mwishoni mwa miaka ya 2000 hutaka pia .NET Framework 3.5, ambayo kwenye Windows 10 na 11 unaiwasha mwenyewe kwenye orodha ya vipengele vya Windows.

Kadi ya picha inasumbua pande zote mbili. Upande wa kwanza ni ulionikuta mimi: toleo jipya linadai draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi, ambayo kadi ya zamani haiwezi kuipata. Kwa kadi za Nvidia za kizazi cha Kepler, yaani nyingi za GTX 600 na 700, draiva za mfululizo wa 470 zilizotoka mwaka 2021 ndizo za mwisho. Mwenye kadi hiyo hata akeshe, draiva ya mbele ya hapo hataipata, na programu inayoitaka hiyo ya mbele haitamkubali. Hapo kurudi toleo la zamani si ushamba, ni hesabu tu.

Upande wa pili hausemwi sana. Programu ya zamani inakutana na kadi mpya ambayo haijawahi kuisikia. Premiere Pro CS5 mpaka CS6 zilikuwa na faili dogo la maandishi ndani ya folda ya usakinishaji, linaitwa cuda_supported_cards.txt, nalo lilikuwa na majina ya kadi zilizokubalika, moja kila mstari. Kadi yako ikikosekana kwenye orodha, programu inafanya kila kitu kwa prosesa na inatambaa kama kobe, hata kama kadi ina nguvu mara kumi kuliko zilizotajwa. Watu wakagundua kwamba ukilifungua faili hilo kwa Notepad na kuongeza jina la kadi yako kwenye mstari wake, herufi kwa herufi kama mfumo unavyoliita, kasi inawaka. Nguvu ilikuwepo siku zote, kilichokosekana ni jina kwenye daftari la mlinzi wa getini.

Picha za leo kwenye programu ya jana

Mwaka 2013 ndipo kiwango cha kubana video kiitwacho HEVC kilipoidhinishwa, na kuanzia 2017 iPhone zikaanza kurekodi kwacho. Programu ya mwaka 2012 haikijui. Utaona sauti bila picha, au fremu nyeusi, au ujumbe kwamba faili limeharibika wakati faili ni zima. Jambo la pili linakera zaidi kwa sababu halionekani mapema. Simu hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka kulingana na mwanga, ilhali programu nyingi za zamani zinadhani kila sekunde ina fremu sawasawa. Mwanzoni mwa video sauti na mdomo vinakwenda pamoja. Ikifika dakika ya ishirini, shehe ameshamaliza dua lakini midomo bado inacheza.

Yote mawili yana dawa moja, nayo ni kugeuza picha kabla ya kuziingiza. HandBrake inafanya hivyo bure: chagua H.264, kiwango cha kubana video cha zamani zaidi, na kwenye sehemu ya video weka kasi ya fremu isiyobadilika. Anayependa kuandika amri atatumia FFmpeg. Inakula muda na diski, kweli, ila ni nafuu kuliko kusukuma sauti kwa mkono nusu sekunde baada ya nusu sekunde.

Kuhusu kodeki kuna kisa cha kukumbuka. Programu nyingi za zamani za Windows ziliegemea QuickTime ya Apple ili zisome mafaili ya MOV. Aprili 2016 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza mianya miwili kwenye QuickTime ya Windows, ikasema Apple haitaiziba, na serikali ya Marekani ikawashauri watu waiondoe. Toleo la zamani likikuambia usakinishe QuickTime, ujue unafungua dirisha ambalo fundi wake alishaondoka zamani. Kama huna budi, ifanye kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti.

Pa kulipata

Jibu linategemea nani anaimiliki programu, na tofauti ni kubwa mno.

Programu za chanzo huria, yaani zenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu, ndizo zisizo na presha. Shotcut inaweka matoleo yake ya nyuma kwenye GitHub, Avidemux ina yake SourceForge, na Kdenlive ya jamii ya KDE ina ghala linaloitwa Attic, yaani dari ya kuhifadhia vitu vya zamani, kwenye seva ya KDE yenyewe. Kwa Linux matoleo mengi yanakuja kama AppImage, faili moja linalobeba kila kitu ndani yake. Unalipatia ruhusa ya kuendeshwa, unalibonyeza, basi. Unaweza kuwa na matano kwenye folda moja bila kusakinisha hata moja. Ila tahadhari, kuanzia Ubuntu 22.04 (Ubuntu ni aina moja ya Linux) maktaba ya libfuse2 haiji tena na mfumo, na AppImage nyingi za zamani zinaitegemea. Ukibonyeza halafu kukawa kimya, usidhani faili ni bovu. Sakinisha libfuse2 kwanza. Kwenye Ubuntu 24.04 kifurushi hicho kinaitwa libfuse2t64, na kufanana kwa jina kumewachosha wengi.

DaVinci Resolve si ya chanzo huria, lakini Blackmagic Design wana ukarimu wao. Kwenye ukurasa wao wa msaada kuna orodha ndefu ya matoleo ya miaka mingi nyuma, yale ya bure na ya Studio, yaani ya kulipia, kwa Windows, Mac na Linux. Kwa maoni yangu ndiyo kampuni kubwa inayolifanya jambo hili kiungwana zaidi. Kumbuka tu kwamba Resolve ya bure kwenye Linux haisomi H.264, ambayo ndiyo video nyingi za simu na kamera ndogo. Usije ukashusha toleo baada ya toleo ukidhani tatizo ni toleo.

Apple hawana ghala la wazi. App Store ya Mac humwambia aliyewahi kuinunua programu kwamba kuna toleo la mwisho linaloendana na Mac yake, akikubali anapewa. Zaidi ya hapo ni kujihami mapema: kabla ya kusasisha Final Cut Pro, unaibana ile programu yenyewe iwe faili la zip na kuliweka diski ya nje. Apple wenyewe ndio wanaoshauri hivyo.

Adobe ni wa kujisajili na kulipa kila mwezi. Ndani ya programu yao ya Creative Cloud, kwenye nukta tatu za pembeni ya Premiere, kuna orodha ya matoleo mengine, lakini inarudi nyuma hatua chache tu.

Halafu kuna tovuti za watu wengine zinazojiita hazina za programu za zamani. Nyingine ni za kweli, nyingine ni mitego, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Microsoft iliacha kutoa Windows Essentials 2012, iliyokuwa na Movie Maker, tarehe 10 Januari 2017. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, watafiti wa ESET walieleza kuhusu Movie Maker bandia iliyokuwa ikipanda juu kwenye matokeo ya utafutaji. Ilifanya kazi kama ile ya kweli, unakata, unaunganisha, mpaka unapotaka kuhifadhi ndipo inakudai karibu dola 30. Programu iliyokuwa bure tangu kuzaliwa kwake!

Hata tovuti halali inaweza kuingiliwa. Kuanzia tarehe 2 hadi 6 Mei 2017, moja kati ya seva za kushushia HandBrake ilidukuliwa, na kisakinishi cha Mac cha toleo la 1.0.7 kikabadilishwa kwa kingine chenye kirusi cha Proton. Walioponea ni walioangukia seva nyingine, na wale waliolinganisha alama ya SHA-256. Alama hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na faili lenyewe. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, mfuatano mzima unageuka. Waandishi wa programu huiandika kwenye ukurasa wao. Wewe kwenye Windows unafungua dirisha la amri ndani ya folda husika na kuandika:

certutil -hashfile kisakinishi.exe SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum, kwenye Mac ni shasum -a 256. Linganisha herufi sita za mwanzo na sita za mwisho, na ukiwa na muda, zote. Mimi mvivu wa mambo mengi, lakini hili silikwepi, hasa nikiletewa kisakinishi kwenye flashi ya mtu.

Ruhusa

Tulizoea kwamba ukinunua programu kwenye sanduku, ni yako. Mei 2019 Adobe iliwaandikia baadhi ya wateja ikiwaambia kwamba matoleo fulani ya zamani ya programu zake hawana tena ruhusa ya kuyatumia, na kwamba wakiendelea wanaweza kudaiwa na watu wa tatu. Wengi walishangaa, maana walikuwa wakilipa kila mwezi. Adobe haikumtaja mtu, ila mwaka uliotangulia Dolby ilikuwa imeishtaki kuhusu malipo ya teknolojia zake za sauti, na watu wakaunganisha mambo. Ndani ya programu moja ya kuhariri kuna vipande vya kampuni nyingi, kama duka lenye bidhaa za kukopa. Mwenye bidhaa akigombana na mwenye duka, rafu inakuwa tupu hata kama wewe mteja hukukosea.

Matoleo ya kabla ya hapo, mfano CS6 ya mwaka 2012, yaliuzwa kwa leseni ya kudumu. Tatizo lake ni seva ya kuthibitisha: programu lazima ipige simu nyumbani, na siku nyumbani pakifungwa inabaki mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa kwa CS2. Seva zake zilipozimwa, Januari 2013 Adobe ikaweka wazi visakinishi visivyohitaji uthibitisho pamoja na namba za leseni, kwa ajili ya waliokuwa wameshanunua. Habari ikaenea kwamba Adobe inagawa programu bure, watu wakamiminika, Adobe ikabidi iseme hapana, hii ni ya wenye leseni. Kwa hiyo kama una CS6 halali na bado inawaka, usiibandue kwa majaribio.

Kuhusu zilizovunjwa leseni, zile zinazokaa kwenye flashi za mitaani, nitasema kidogo. Maelezo yake karibu yote huanza kwa kukuomba uzime kinga ya virusi. Mgeni anayetaka mlinzi alale kwanza ndipo aingie, mkaribishe ukijua. Na kwenye kompyuta hiyohiyo kuna picha za harusi za watu.

Siku ya kusakinisha

Kabla ya kugusa chochote, nakili folda ya mradi kwenye diski nyingine. Nakala kamili, siyo njia ya mkato kwenye deski. Kisha weka hatua ya kurejea ya Windows, sakinisha maktaba na draiva, programu yenyewe, na plagini mwishoni. Ukianza na plagini haitaona pa kujishikiza.

Je, matoleo mawili yakae pamoja? Premiere inakubali, kila toleo kuu lina folda yake. Ila wakati wa kusasisha fungua chaguo za ziada na uondoe alama kwenye mstari unaosema matoleo ya zamani yaondolewe. Alama hiyo ndogo imewatoa watu machozi. Resolve haikubali, moja ikiingia nyingine inatoka. Na Resolve ina tabia nyingine ya kujua: miradi yake haikai kama mafaili ya kawaida kwenye folda zako, inakaa ndani ya hifadhidata, na toleo kuu jipya likifunguliwa linaomba kuipandisha hadhi. Ikipanda haishuki. Nenda kwenye kidirisha cha miradi, hifadhi nakala ya hifadhidata nzima, ndipo usasishe. Siku ukirudi toleo la zamani, utairejesha nakala hiyo na kukuta kila kitu kama ulivyokiacha.

Toleo la zamani likisakinishwa vizuri lakini likazima kila likiwaka, mara nyingi kosa ni mipangilio. Programu inasoma faili la mipangilio lililoandikwa na toleo jipya na kukuta maneno isiyoyajua. Badilisha jina la folda ya mipangilio, usiifute, na uiache programu itengeneze nyingine. Kwenye Premiere unaweza kushikilia Alt wakati inafunguka. Zile AppImage tano nilizozitaja, zikiwa za Kdenlive, nazo zinachangia faili moja la mipangilio, kwa hiyo ukizibadilishabadilisha usishangae paneli zikihama.

Na zima kusasisha kwa otomatiki. Nimeona mtu akihangaika siku nzima kurudisha toleo, akalala, asubuhi akakuta programu imejipandisha tena yenyewe.

Mradi unaogoma

Sasa turudi kwenye ule ujumbe wa alfajiri. Faili la mradi halina picha ndani yake. Ni maelezo tu: chukua klipu hii, kuanzia hapa mpaka pale, iweke kwenye safu ya pili, ipunguze mwanga. Toleo jipya linaandika maelezo hayo kwa msamiati mpya, na la zamani halikufundishwa msamiati huo.

Kwenye Kdenlive unaweza kuliona jambo hili kwa jicho. Mfaransa au Mjerumani huandika nusu kama 0,5 kwa mkato. Mwingereza huandika 0.5 kwa nukta. Kdenlive ilikuwa ikifuata lugha ya kompyuta, hivyo mradi wa Ufaransa ukifunguliwa kwenye kompyuta ya Kiingereza, namba zilisomwa vibaya na programu ikaanguka. Toleo la 20.08, la Agosti 2020, lilisafisha kadhia hiyo kwa kubadilisha namna faili linavyoandikwa. Gharama yake ni kwamba miradi ya 20.08 haifunguki kwenye matoleo ya nyuma yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wanaziba tundu, na tundu likizibwa, funguo za zamani hazipiti.

Premiere ina ukuta mwembamba zaidi. Faili lake la mradi, prproj, ni maandishi ya XML (namna ya kupanga data kwa vitambulisho) yaliyobanwa kwa gzip. Fanya nakala, ifungue kwa 7-Zip, utapata faili la maandishi. Lifungue kwa Notepad++. Juu kabisa utaona mistari miwili inayoanza na neno Project. Wa kwanza ni mfupi, una ObjectRef tu, uache. Wa pili una ObjectID, kisha ClassID yenye mfuatano mrefu, na mwishoni Version yenye namba, tuseme 38. Badilisha namba hiyo iwe 1, hifadhi, hakikisha jina linaishia na prproj, kisha fungua kwa toleo la zamani. Programu itadhani ni mradi wa kale na kuomba kuugeuza, nawe ukubali. Mara nyingi unafunguka. Athari zisizokuwepo kwenye toleo hilo zitapotea, na pengo likiwa kubwa la miaka mingi usitegemee muujiza, ila mikato yako utaipata.

Pale ujanja huo usipowezekana, njia iliyobaki ni kutoa taimulaini kwa lugha ambayo programu nyingi zinaielewa: XML ya Final Cut, AAF ya upande wa Avid, programu nyingine ya kuhariri, au EDL, orodha ya mikato, babu yao wote. EDL inabeba mikato na muda, karibu basi. XML inabeba safu nyingi, sauti, ukubwa na mahali pa picha. Hakuna inayobeba rangi na maandishi ikafika salama. Na zote zinahitaji toleo jipya liwake mahali fulani, angalau kwa dakika kumi.

Mimi nililipata kwa rafiki mwenye kadi ya picha ya maana. Nikabeba diski, nikafungua mradi kwenye toleo jipya kwake, nikatoa XML, nikarudi nyumbani. Toleo la zamani likaisoma. Mikato yote ilikuwepo, muziki ulikaa mahali pake, droni ikaruka juu ya ukumbi pale pale nilipoiweka. Rangi zilikuwa zimefutika, na majina ya wazazi yote yalikuwa visanduku vitupu. Nikayaandika upya, moja moja, na la mama mdogo wa bibi harusi nikalikosea tena.